Kilti Haikai Nyongani

Siku niliyoanza kazi nusura nifukuzwe kabla ya chai ya saa nne, na sababu ilikuwa neno moja. Nilikuwa nimetoka kijijini na cheti changu cha ushonaji nimekikunja ndani ya Biblia kisipate vumbi. Nikaingia karakana ya sare ya kanisa letu pale Kitui mjini, nikidhani nitaanza na kola za mashati ya shule. Mkubwa wa karakana, ambaye sote tulimwita Mwalimu wa Ushonaji, aliniwekea mezani nguo nzito ya sufu yenye miraba ya kijani na buluu. Nikaishika, nikaigeuza ndani nje, nikamwambia kwa heshima zote kwamba sketi hiyo imeshonwa vizuri.

Alivua miwani yake polepole.

"Msichana, hii ni kilti," alisema. "Inavaliwa na mwanamume anayetembea mbele ya umati akipuliza zumari, na mikono yake yote miwili iko kazini. Ikianza kuteremka hana mkono wa kuishika. Ukiiita sketi, utaishona kama sketi."

Sikuiita sketi tena. Lakini tangu siku ile mpaka nilipostaafu sikumaliza wiki moja bila mtu mwingine kuiita hivyo mbele yangu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mkubwa wangu.

Kanisa letu lilikuwa na bendi ya zumari za mfuko, zile ambazo mpigaji hubana mfuko wa hewa chini ya kwapa la kushoto huku akipuliza na vidole vikicheza kwenye matundu. Zililetwa na mmisionari mmoja wa Skotilandi kabla sijazaliwa, pamoja na sare zake zote. Yeye alirudi kwao, bendi ikabaki. Ilipiga makanisa mapya yakifunguliwa, wachungaji wakizikwa, na sikukuu za taifa pale uwanjani. Kilti za mmisionari zilipochakaa ilibidi nyingine zishonwe hapa hapa Ukambani. Mwalimu wa Ushonaji, mzee wa kutoka upande wa Nyeri aliyeoa Kitui akakaa, alijifunza kwa kufumua moja kuukuu na kuishona upya mara tatu. Nami alinifundisha hivyo hivyo. Wiki yangu ya kwanza nilifumua tu. Kila uzi niliotoa alitaka nimwambie ulikuwa umeshikilia nini.

Nilichojifunza wiki ile nimekirudia maisha yangu yote kwa watu wasiosikia, kwa hiyo mnivumilie nikirudie mara moja zaidi.

Kilti ni kitambaa kirefu kinachomzunguka mtu. Mbele kuna vipande viwili bapa vinavyolaliana, kimoja juu ya kingine, tukiviita aproni. Nyuma yote ni marinda. Vijana, acheni kucheka. Neno hilo lilikuwa letu mafundi kabla hamjaliharibu. Marinda hayo hushonwa yakashikana kutoka kiunoni mpaka makalioni, na kila rinda hupunguzwa kidogo juu kuliko chini, ili nguo ifuate umbo la mwili. Kutoka hapo kwenda chini huachwa wazi yacheze mtu akitembea. Ndani, kiunoni, kuna kipande cha turubai gumu kilichofichwa chini ya bitana. Watu hawakioni na ndiyo maana wakubwa hupenda kukiondoa kwenye orodha. Bila turubai hilo kiuno hulegea kama uji baada ya magwaride mawili.

Halafu mikanda. Aproni ya ndani ina ukanda mwembamba wa ngozi unaopita kwenye tundu lililoachwa upande wa kushoto, ukafungwa nje kwa bizimu, kile chuma cha mshipi. Aproni ya nje hufungwa upande wa kulia, kwa njia hiyo hiyo. Mikanda hii hufanya kazi pamoja: mmoja unavuta huku, mwingine kule, na nguo inatulia katikati. Ile pini kubwa mnayoiona chini kwenye kona ya aproni ni uzito tu. Inapita kwenye aproni ya nje peke yake. Mtu akiichoma mpaka ya ndani, kitambaa kinavutana na kuraruka, na atakuja kwangu akisema kilti yangu ni mbaya.

Na sasa lile kubwa kuliko yote. Kilti haikai nyongani. Inakaa juu, usawa wa kitovu, pale mbavu zinapokaribia kuisha, mahali ambapo mwanamume wa siku hizi hajafunga kitu chochote tangu alipozaliwa. Ikikaa pale, mifupa ya nyonga inaizuia kushuka na tumbo linabaki na nafasi ya kupumua. Mpiga zumari anapumua kama mtu anayepanda kilima. Ukimkaza sana, hana pumzi. Ukimlegeza, hana nguo. Kwa hiyo unampima amesimama wima, amevaa shati atakalovaa, unapitisha tepu kiunoni, unamwambia avute pumzi na kuitoa, unasoma baada ya kutoa. Kisha makalio mahali yalipo mapana. Kisha anapiga magoti sakafuni mgongo ukiwa wima, nawe unaangalia pindo likaribie kugusa sakafu lisiiguse. Akisimama, linaishia katikati ya pia ya goti. Ni hivyo tu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuelewa, ila kwa wenyeviti wa kamati imekuwa vigumu.

Baada ya miaka minne mjini nilitumwa Kabati, ambako karakana ilikuwa na tawi dogo nyuma ya maduka, cherehani mbili na pasi moja ya makaa. Huko nilikuwa chini ya Msimamizi wa Stoo. Alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu, na alikuwa na imani kwamba kila fundi anaiba kitambaa. Kilti moja ya mtu mzima inakula karibu mita saba za kitambaa, kwa sababu ya yale marinda. Yeye alinipa nne. Nilimweleza. Akachukua nguo ya mke wake ya kwenda kanisani akaniwekea kando, akaniuliza kwa nini mke wake, ambaye si mwembamba, alitosheka na mita tatu.

Nilishona kilti sita kwa mita nne nne. Marinda yalikuwa mapana na machache kama mlango wa mabati. Wanaume walipotembea, nguo ilikataa kucheza, ikapinda nyuma kama mkia wa kuku. Msimamizi wa Stoo alizitazama siku ya gwaride, akaniambia pasi haikuwa na moto wa kutosha. Nikazifumua zote. Mwaka uliofuata alileta wazo la kutia mpira kiunoni, ule wa kuvutika, ili kilti moja itoshe watu watatu kwa zamu. Nilimwandikia Mwalimu wa Ushonaji barua ya kurasa mbili. Yeye alimjibu Msimamizi kwa mstari mmoja, nao sikuonyeshwa, lakini mpira haukutajwa tena.

Kutoka Kabati nikapelekwa Zombe, na Zombe ndiko nilikopata kisa ambacho kimenifanya nikae chini kuandika haya.

Bendi ya Zombe ilikuwa bora kuliko zote tatu zilizokuwa chini ya kanisa. Ilikuwa na wapigaji kumi na wawili, wote watu wazima wenye kazi zao, na kiongozi wao alikuwa Musyoka, fundi wa pampu za visima. Alikuwa mwanamume mkubwa wa mwili, mpole, asiyesema maneno mengi. Bendi yote ilikuwa chini ya Mwenyekiti wa Kamati, mzee wa kanisa aliyekuwa mwalimu mkuu zamani, na ambaye bado alizungumza na kila mtu kana kwamba amechelewa darasani.

Siku nilipofika nilimwomba aniitie wapigaji niwapime.

"Mama, wewe ni mke wa mtu," alisema. "Hapa mwanamke hapimi kiuno cha mwanamume asiye wake. Utaletewa vipimo kwa karatasi."

Nilimwambia kwamba Kitui na Kabati nimewapima wanaume miaka yote hiyo, mbele ya wakubwa wangu na milango wazi, na mume wangu mwenyewe hajawahi kulalamika. Akasema Zombe si Kitui. Nikamwambia basi aniletee fundi mwanamume nimfundishe kupima. Akasema hakuna haja, kila mtu mzima anajua nambari yake. Na kweli karatasi ikaja, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa karani wa bendi, majina kumi na mawili na mbele ya kila jina nambari ya suruali.

Nambari ya suruali! Suruali inakaa nyongani, chini ya tumbo. Mwanamume mwenye kitambi huvaa suruali nambari thelathini na nne ilhali kiuno chake usawa wa kitovu ni arobaini na mbili. Nilirudisha karatasi mara mbili. Mara ya tatu Mwenyekiti aliniita ofisini akaniuliza kama nina shida na mamlaka. Nikasema sina. Nikarudi kwenye cherehani nikakisia, jambo ambalo fundi hapaswi kufanya. Jumapili nilikaa benchi ya nyuma kanisani nikiwatazama wanaume wakisimama kuimba, nikipima kwa macho. Mungu anisamehe, sikumbuki hata hubiri moja la mwaka ule.

Ni kilti moja tu niliyoishona kwa uhakika, ya Musyoka. Yeye alikuwa amewahi kupimwa Kitui na Mwalimu wa Ushonaji mwenyewe, na kipimo chake kilikuwa kwenye daftari nililokuja nalo: kiuno inchi thelathini na nane. Hiyo ilimkaa vizuri sana. Nilimwona akitembea uwanjani, marinda yakienda huku na huku kwa pamoja, nikajisikia kwamba angalau kuna mtu mmoja Zombe aliyevaa nguo.

Miezi kadhaa baadaye karani wa bendi aliniletea ile kilti ikiwa na kikaratasi: ongeza matundu mawili kwenye mikanda. Nikatoboa. Baada ya muda ikarudi tena: matundu mawili zaidi. Nikatoboa, nikinung'unika, maana mikanda ikivutwa kupita kiasi aproni hulaliana mno na marinda ya nyuma huhamia ubavuni. Niliandika nyuma ya kikaratasi kwamba nguo hii inataka kufumuliwa na kupunguzwa, na kwa hilo nahitaji mwenyewe aje. Hakuja. Ikaja mara ya tatu, matundu mawili zaidi. Ngozi ilikuwa imejaa matundu kama chekecheke. Siku hiyo nilikuwa na sare za shule moja nzima za kumaliza, nimechoka na karatasi za Zombe, nimechoka na Mwenyekiti. Nikachukua patasi ndogo ya kutobolea, nikatoboa bila hata kukaa, nikamrudishia karani.

Nataka fundi kijana anayesoma hapa asimame kidogo. Nilikasirika na karatasi nikamsahau mtu. Hakuna aliyenilazimisha kutoboa mara ya tatu.

Siku ya kufungua kanisa jipya la Zombe watu walikuja kutoka kila upande. Wageni wa heshima walikaa chini ya hema, kina mama wa kanisa kwa vitambaa vyao vyeupe wakasimama upande mmoja, na mimi nilikuwa nyuma yao karibu na ukuta. Bendi iliingia ikipiga wimbo wa kumshukuru Mungu, Musyoka mbele, polepole, hatua kwa hatua, kutoka lango mpaka mlango wa kanisa. Niliona tatizo kabla ya wengine. Marinda yake yalikuwa yamezunguka mpaka ubavuni, na kila alipotoa pumzi, kiuno cha nguo kilibaki wazi kama mdomo wa gunia.

Wakiwa katikati ya uwanja ukanda wa kulia ukakatika, pale pale kwenye matundu niliyoyarundika.

Aproni ya nje ilifunguka kwanza. Kisha nguo nzima, uzito wa mita saba za sufu, ikaanza kuteremka. Ukanda wa kushoto ulishikilia hatua mbili tatu, halafu ukaacha. Kilti ikamwangukia miguuni. Tunamshukuru Mungu kwamba ndani alivaa kaptura nyeusi.

Mpiga zumari akiachia mfuko ghafla, zumari zote hulia kama mbuzi anayechinjwa, na wenzake nyuma hupotea wimbo. Musyoka hakuachia. Alitoa mguu mmoja kwenye nguo, akatoa wa pili, akaendelea kutembea kwa hatua ile ile na kaptura yake na soksi zake ndefu, akipiga, macho mbele. Kicheko kilianza upande wa vijana kikazimika chenyewe. Kina mama waliinamisha vichwa. Mtu wa nyuma yake alipita juu ya kilti bila kuikanyaga. Musyoka alipiga mpaka mlangoni, akamaliza mstari wa mwisho, akashusha zumari kama inavyotakiwa, ndipo akaingia nyuma ya jengo. Nilikimbia nikaiokota nguo ile. Ilikuwa na joto la mwili wake bado.

Jioni ileile, jua likiwa bado juu, Mwenyekiti aliita kikao katika ofisi ya kanisa. Tulikuwa watu wanne: yeye, karani wa bendi, Musyoka, na mimi. Musyoka alikuwa amevaa suruali iliyokazwa kwa mshipi mpaka ikakunjamana. Mwenyekiti alizungumza muda mrefu kuhusu aibu, wageni, na kazi mbovu. Aliniambia kwamba wako waliosema tangu mwanzo vazi hili ni la kike na sasa wamepata ushahidi, na kwamba bendi huenda ikafungwa kwa sababu ya uzembe wa fundi.

Nilimngoja amalize. Nikasema, "Mwenyekiti, ngozi ilikatika kwa sababu mimi niliitoboa mara tatu. Hilo ni kosa langu na sitamsukumia mwingine. Lakini mara zote tatu nilitoboa kwa mtu ambaye hamkuniruhusu nimwone. Leo nitampima. Kama ni dhambi, iandikeni."

Nilitoa tepu shingoni. Musyoka ndiye aliyeamua. Alisimama, akafungua koti, akainua mikono pembeni kama alivyofundishwa Kitui. Nikapitisha tepu usawa wa kitovu. Nikamwambia avute pumzi, atoe. Nikasoma, nikafikiri nimesoma vibaya, nikasoma tena. Kisha nikamwomba karani asome yeye mwenyewe kwa sauti, na baadaye asome na kile cha kwenye daftari.

Thelathini, akasoma. Kisha thelathini na nane.

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona mbavu zake kupitia shati na mabega yaliyobaki kama hanga ya nguo. Mwanamume aliyekuwa na mwili ule! Watu walikuwa wakimwona kila siku, ila kidogo kidogo, kwa hiyo hawakuona. Koti la bendi ni zito, linaficha.

"Nafunga na kuomba," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu anajua."

Nilijua kwamba anajua, kwa maana kanisa zima lilijua. Mwenyekiti alikuwa amemsifu madhabahuni kwa kufunga kwake, akatuambia tuige mfano. Nilimtazama Mwenyekiti nikaona hilo linampita usoni.

Mama yangu mzazi alikufa kwa kisukari, na kabla ya kufa alikuwa akikonda hivyo hivyo huku akila. Nikamuuliza Musyoka kama alikuwa akinywa maji mengi.

Alifunga vifungo vya koti lake. Kisha akasema mtungi wa lita tano haufiki jioni. Akasema huamka mara nyingi kwenda haja, na kuna kidonda kwenye kidole cha mguu kisichopona tangu kiangazi. Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali.

"Mwaitu, mtu akikonda hapa Zombe, watu wanajua wataita nini," alisema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Hakuwa ameniita hivyo awali, tulikuwa karibu umri mmoja. "Wangesema ni ule ugonjwa. Wangemtazama mke wangu hivyo. Ningetolewa mbele ya bendi. Nikaona heri nitoboe ukanda."

Nilikasirika jioni ile kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu, na hasira ilikosa mahali pa kwenda. Niliwakasirikia wao wote watatu, nikajikasirikia mimi. Mwili wa mtu ulikuwa umepiga kelele kwa karatasi tatu, na sote tulizipeleka mahali pake kwa utaratibu mzuri.

Mwenyekiti aliinuka. Nilidhani atafunga kikao kwa sala, kama kawaida yake. Badala yake alichukua funguo za gari lake, akamwambia Musyoka watapita nyumbani kumchukua mke wake, kisha waende Kitui hospitalini. Musyoka akasema anaweza kungoja mpaka Jumatatu. Mwenyekiti akamwambia, kwa ile sauti yake ya mwalimu mkuu, aingie garini. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuipenda sauti ile.

Daktari alisema ni kisukari, na kwamba kimefika mahali ambapo wiki chache zaidi zingekuwa nyingi mno. Musyoka alilazwa. Kidole kile cha mguu kilikatwa. Mke wake, Mwikali, alikuja karakana siku moja akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema alikuwa akimpikia kidogo ili asimharibie mfungo wake. Alilia hapo. Nikamkorogea chai.

Mwenyekiti alirudi kwangu Jumatatu iliyofuata. Hakuomba msamaha, haikuwa tabia yake. Alisimama mlangoni akasema wapigaji wote watakuja Alhamisi, kumi na mmoja, mlango ukiwa wazi na mkewe akiwa shahidi, na kwamba yeye mwenyewe atapenda kupimwa wa kwanza ili watu wasisite. Nikampima. Alikuwa arobaini na nne, na amekuwa akijiita thelathini na sita kwa miaka mingi. Nilimwandikia kwenye daftari, naye akalitazama kwa huzuni.

Musyoka alipona kwa namna ambayo mtu wa kisukari hupona, kwa sindano na chakula cha kupimwa na kuangalia miguu yake kila siku. Ilimchukua karibu mwaka kurudi kwenye bendi. Hakuruhusiwa kutembea kwa muda, kwa hiyo alipiga ameketi, na mimi nililazimika kufikiri upya jinsi kilti inavyokaa kwa mtu aliyekaa, jambo ambalo Mwalimu wa Ushonaji hakunifundisha. Nilimpima kila mwezi. Nilihamisha bizimu, nikaweka ngozi mpya, nikayafumua marinda ya pembeni nikayaachia robo inchi, kisha robo nyingine, kadiri mwili ulivyorudi. Aliishia thelathini na sita. Alipofika hapo alitembea tena, akichechemea kidogo. Bendi yote ilipunguza hatua ikafuata kuchechemea kwake, na wageni wakadhani ndio mtindo wa Zombe.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Makueni, karibu na Kiboko pale barabarani, ambako kanisa lilifungua karakana ya kufundisha mafundi vijana. Nilikuwa chini ya Mratibu wa Mafunzo, kijana msomi, mwenye kompyuta na heshima nyingi. Aliniambia kwamba siku hizi mpigaji anaweza kujipima mwenyewe nyumbani, akajaza fomu kwa simu, nasi tukashona bila kuonana. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia sawa, ajaribu yeye kwanza, ajipime usawa wa kitovu bila kuangalia chini. Alifanya hivyo. Tepu ilikuwa imepinda nyuma kiasi cha inchi tatu. Alicheka, lakini fomu hakuzifuta, na mpaka leo zipo. Naambiwa nguo zinateremka.

Wanafunzi wangu wa kwanza hunipigia simu hata sasa. Wananitumia picha ya mtu amesimama na kilti imelegea, wananiuliza, mama, mbona hii inashuka? Huwauliza mlimpima wapi. Wananiambia kiunoni. Huwauliza kiuno ni wapi. Hapo simu hukaa kimya, nami najua ni nyongani. Nimestaafu, nina kuku na miembe michache na magoti yanayouma, na bado nabishana kuhusu kitovu.

Watu huniuliza kama naikumbuka kazi kwa furaha. Siwezi kudanganya. Nakumbuka zaidi mambo yaliyoniudhi: mita nne, mpira, nambari za suruali, fomu. Nakumbuka wakubwa waliojua kila kitu ila mahali tumbo la mtu lilipo. Niliwaheshimu karibu wote, na karibu wote walinichosha.

Siku ya kuniaga, kule Kiboko, bendi ya Zombe ilikuja kunipigia. Mwenyekiti, ambaye sasa ni mzee kweli, alizungumza akanisifu kupita kiasi. Kisha Musyoka akajaza mfuko, akaanza kutembea kunielekea, akichechemea, na wengine nyuma yake. Watu walilia. Baadaye kila mtu aliniambia wimbo ule ulikuwa mzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na wananiuliza hadi leo kama niliupenda.

Siwezi kuwajibu. Sikusikia hata noti moja. Nilikuwa nakitazama kiuno chake alipovuta pumzi, nikahesabu matundu yaliyobaki kwenye ukanda nje ya bizimu. Yalikuwa mawili, pale pale nilipoyaacha.